Kengele ya Kitanda Namba Sita

Jalada lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka saa kumi jioni, Jumatano ile ile, na hadi saa mbili asubuhi mpelelezi alikuwa hajaandika hata neno kwenye ukurasa wa mwisho. Kituoni wote walimwita Kobe, hata mkuu wake, kwa sababu ya mwendo wake, naye hakuona ubaya. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kumkimbiza mtu. Wale waliokuwa wakikimbia walikuwa wamestaafu, wako nyumbani wanakandwa magoti.

Kesi yenyewe kila mtu aliona imekwisha. Jumapili, katika wodi ya wanawake, mgonjwa wa kitanda namba sita alikufa kwa kukosa pumzi. Kidude cha kengele kilichofungwa ukingoni mwa kitanda chake huhesabu chenyewe kila kinapobonyezwa, na kilihesabu mara kumi na moja, kuanzia saa tisa na dakika mbili mchana hadi saa tisa na dakika thelathini na nane. Muuguzi wa zamu alikuwa mezani kwake, hatua kumi kutoka pale, na hakwenda. Daktari alisema bila kumung'unya maneno kwamba mgonjwa angeinuliwa tu akavishwa kinyago cha oksijeni, angekuwa hai. Halafu kulikuwa na lile lililowafanya watu kituoni watikise vichwa: muuguzi na marehemu walikuwa mawifi, na kwa miaka miwili walikuwa hawasalimiani.

Aliyekuja kushtaki ni kaka yake muuguzi, seremala, ambaye ndiye mume wa marehemu. Siku ya kutoa maelezo hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema mdogo wake amemuulia mke, akaweka sahihi, akauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Kobe alianza na muuguzi. Aliletwa kutoka mahabusu akiwa bado na sare yake ya kazi, saa ndogo imebanwa kifuani, viatu havina kamba kwa sababu kamba zilichukuliwa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye macho ya mtu aliyelia akamaliza. Kobe alimsogezea kikombe cha maji, akamwomba aeleze tena Jumapili yote tangu mwanzo.

Alieleza yale yale aliyoyaeleza Jumatatu, kwa mpangilio ule ule. Kengele ya kitanda namba nne ililia, akaenda. Kengele ya namba tisa ililia, akaenda. Ya namba sita haikulia. Saa kumi kaka yake alipokuja kumwona mkewe ndipo walipofungua pazia na kumkuta amekwisha kufa, kidude kiko kiganjani.

Kobe aliuliza kuhusu ugomvi, naye hakuuficha. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa masomoni, safari ya siku mbili. Alimpigia kaka yake simu kuwaomba wasubiri siku moja zaidi. Wifi yake ndiye aliyepokea, akasema watu wamekwisha kukusanyika na maiti haiwezi kungoja. Alipofika alikuta udongo mbichi. Tangu siku hiyo hakumpa wifi yake hata salamu, na wifi huyo alipolazwa Alhamisi katika wodi yake, yeye muuguzi aliomba ahamishiwe wodi nyingine, akajibiwa kwamba wauguzi hawatoshi.

"Ulimchukia?" Kobe aliuliza.

"Ndiyo," muuguzi alisema. "Lakini ile kengele haikulia, afande."

Kobe aliandika maneno hayo kama yalivyo. Waongo aliowahoji maisha yake yote walianza kwa kukana chuki. Wangesema tulipendana, tulikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Huyu alikuwa amempa polisi sababu ya kumfunga, akabaki na kengele tu. Haikuwa ushahidi, lakini ilitosha kumtoa Kobe kitini akaenda hospitali.

Msimamizi wa hospitali alimpokea mlangoni, bwana mnene mwenye tai, na katika kila maneno matatu moja lilikuwa "mfumo". Mfumo ni mpya. Mfumo una mwaka mmoja na haujawahi kukosea. Kobe hakupenda watu wanaosema "mfumo", kwa sababu mara nyingi walimaanisha "si mimi". Alifuata kimya mpaka mezani kwa muuguzi, ambako msimamizi alimwonyesha karatasi kwa furaha ya mtu aliyekuwa ameitunza. Saa nane na dakika hamsini siku ya Jumapili, kadi ya muuguzi ilitumika kunyamazisha kengele.

"Aliizima mapema," msimamizi alisema. "Alijua atakachofanya."

Karatasi haikutaja kitanda. Kobe aliomba daftari la kengele zilizolia, akaona ya namba nne ililia saa nane na dakika arobaini na nane, dakika mbili tu kabla. Akaenda kitanda namba nne. Alikuwapo bibi mmoja mwenye mguu kwenye plasta, mchangamfu, aliyekuwa na hamu ya kuongea kuliko ya kupona. Alieleza kwamba blanketi lake lilianguka, naye hawezi kuinama, basi akakandamiza kile kidude mpaka kidole kikamuuma. Muuguzi akaja, akamwokotea blanketi, akaitelezesha kadi yake, kengele ikanyamaza. Akazima ya nani tena? Ya kwake yeye bibi. Na kwa nini wamemfungia yule binti? Ndiye pekee katika hospitali nzima anayepita vitandani bila kuitwa.

Hoja ya kwanza ya msimamizi ikawa imeanguka. Kobe akavua viatu, akapanda kitanda namba sita, akajilaza chali na kuvuta pazia. Msimamizi alitazama pembeni kama mtu aliyeona jambo la aibu. Kobe akabonyeza. Kengele ikalia. Akabonyeza mara kumi, ikalia mara kumi, mpaka wagonjwa wakaanza kulalamika na bibi wa namba nne akauliza kama afande naye amelazwa.

"Unaona," msimamizi alisema.

Kobe aliona. Aliomba karatasi ya kile kidude, ya Jumapili na ya leo, na ya kitanda namba nne pia, akazilaza kitandani pamoja. Zilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya saa, na hiyo ndiyo iliyonakiliwa kwenye jalada. Ya pili ilionyesha kidole kilikaa muda gani juu ya kitufe, na hiyo hakuna aliyejisumbua kuinakili. Kidole cha Kobe kilikaa sekunde moja, sekunde moja na kitu. Cha bibi wa namba nne, siku ile ya blanketi, karibu sekunde tatu. Cha marehemu kilikaa sehemu ya tano ya sekunde. Kila mara. Kuelekea mwisho, hata hiyo haikufika.

Kobe alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi zake, akarudia kuzisoma namba zile polepole. Kisha akagusa kitufe kama mtu anayegusa jicho lake mwenyewe, akaachia hapo hapo. Kengele ikalia. Akagusa tena, kwa wepesi zaidi, ikalia. Msimamizi akauliza kwa upole kama afande sasa ameridhika, na Kobe alikiri moyoni kwamba hapo alikuwa amekwama.

Akamwita aliyeitengeneza programu ya kengele. Alikuwa chini, ameletwa na hospitali tangu asubuhi ili aandike barua ya kuthibitisha kwamba kazi yake haina dosari. Alipanda ngazi na kompyuta yake kwapani, binti mwembamba wa miaka kama ishirini na saba, mwenye haraka ya kusaidia. Kobe alimwambia amfundishe kama anavyomfundisha bibi yake.

"Bibi yangu alikuwa mwalimu wa hesabu," binti alisema.

"Basi kama anavyofundishwa babu."

Alicheka kidogo, akafungua kompyuta. Alieleza kwamba ndani ya programu moja mna kazi nyingi zinazokwenda kwa pamoja, na kila moja wao huiita uzi. Kila kitanda kina uzi wake. Kila kitanda pia kina namba yake moja: sifuri maana yake kimya, moja maana yake mgonjwa anaita. Ni namba ya aina ya pekee, isiyogawanyika, inayobadilika kwa mkupuo mmoja, hivyo hakuna uzi unaoweza kuikuta nusu nusu. Mgonjwa akibonyeza inakuwa moja, akiachia inarudi sifuri. Uzi wa kitanda kazi yake ni kungoja namba hiyo ibadilike, basi. Ikibadilika, unapiga kengele.

Kobe akauliza uzi unangojaje. Unachungulia chungulia?

Hapana, binti alisema, na hapo sauti yake ilikuwa na fahari. Nyuzi arobaini zikichungulia bila kupumzika zitamaliza nguvu zote za mashine. Uzi unalala. Kabla ya kulala unakumbuka namba iliyokuwapo, yaani sifuri. Kitufe kikibadilisha namba, kinauamsha. Uzi unaamka, unasubiri zamu yake kwenye mashine, ikifika unatazama: namba bado ni ile niliyoiacha? Kama si ile, unapiga kengele. Kama ni ile ile, basi umeamshwa bure, unalala tena.

"Huo ndio usalama wake," alisema. "Kuna wakati uzi unaamshwa bila sababu. Hatutaki kengele zilie ovyo."

"Hiyo zamu unaisubiri kwa muda gani?"

"Hakuna muda, mzee. Ni kufumba na kufumbua."

"Kila siku?"

Alijibu kwamba inategemea mashine ina shughuli gani. Kobe akamuuliza Jumapili saa tisa kuna nini ambacho leo saa nne asubuhi hakipo. Binti alianza kujibu haraka, kama alivyojibu yote. Alisema Jumapili saa tisa mashine hutoa nakala ya kumbukumbu za wiki nzima, walichagua saa hiyo kwa sababu wodi huwa zimetulia, na wakati huo zamu zinachelewa kidogo, labda nusu sekunde, labda...

Kobe hakumsukuma. Binti alikuwa anaitazama ile karatasi yenye safu mbili, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye safu ya pili.

"Ziweke hizo nakala zianze sasa," Kobe alisema.

Aliziwasha. Kobe akarudi kitandani, akagusa kitufe kwa wepesi na kuachia. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Aligusa mara kumi na moja, akiacha pumzi kati ya mguso na mguso, na wodi nzima ilikuwa tulivu kiasi kwamba alisikia mtu akifungua gazeti upande wa pili. Mara ya kumi na mbili alikandamiza kama mtu mzima mwenye afya, akashikilia. Kengele ikalia vizuri kabisa.

Binti alikuwa ameketi sakafuni. Aliongea bila kumtazama mtu. Mgonjwa alibonyeza, namba ikawa moja, uzi ukaamshwa. Kabla zamu yake haijafika, kidole kikawa kimechoka, kikaachia, namba ikarudi sifuri. Uzi ulipotazama ulikuta sifuri ile ile uliyoiacha, ukasema hakuna kilichobadilika. Mara kumi na moja uliamshwa, na mara kumi na moja ulirudi kulala. Ilikuwa rahisi kuzuia. Namba ingekuwa ya kuhesabu, ipande tu isirudi nyuma, uzi ungejua kwamba kuna jambo lilipita hata kama limekwisha kupita.

"Tuliijaribu miezi mitano," alisema. "Tulibonyeza sisi. Watu wazima wenye nguvu zetu, tumeshiba. Hata Jumapili saa tisa tulijaribu, ikalia. Hakuna siku tuliyomwomba mgonjwa abonyeze."

Msimamizi alimshika Kobe mkono, akamvuta mpaka dirishani. Kwa sauti ya chini alieleza kwamba jambo hili likitoka, watu wataogopa hospitali, na wakiogopa watafia nyumbani, hivyo kwa hesabu yoyote ni afadhali liishie hapa. Mfumo utarekebishwa kimyakimya. Muuguzi, kwa kinywa chake mwenyewe, amekiri kumchukia marehemu. Kobe alimwacha amalize, kisha akamwambia hayo yote ayaandike na aweke sahihi, naye atayaambatanisha. Msimamizi akaona hana haja ya kuandika. Alimgeukia binti na kumkumbusha kwamba akiandika anachotaka kuandika atamwaga unga, yeye na wenzake wote ofisini.

Binti alijifuta uso kwa kiganja. "Leo vitanda thelathini na sita vina watu," alisema. "Waambie wauguzi waanze kuzunguka sasa hivi, kwa miguu." Kisha akamwomba Kobe kalamu. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko wa shule, hakufuta hata neno, na mwisho akaandika jina lake kamili.

Saa tisa na nusu Kobe alikuwa kituoni. Alikuwa amemwita seremala, naye alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, akaketi palepale alipoketi Jumatatu. Kobe alimweleza polepole, hatua kwa hatua, bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Seremala alisikiliza akiitazama meza. Kobe alipomaliza, seremala aliuliza jambo moja tu: kidole kikae sekunde moja, hicho tu ndicho kilichohitajika? Kobe akasema hicho tu.

"Mke wangu alikuwa anabeba mbao pamoja na mimi," seremala alisema. "Ubao wa futi kumi, yeye mbele, mimi nyuma."

Halafu akasema Jumatatu alimwita mdogo wake muuaji mbele ya majirani, na mdogo wake hakumjibu, na kule kutojibu yeye alikuona ndiyo ushahidi. Aliomba kumwona.

Muuguzi aliletwa. Kobe aliirudia habari yote mbele yao wote wawili, kwa ufupi, akamwambia muuguzi hana kesi ya kujibu na kwamba anaweza kuchukua vitu vyake dirishani. Alidhani atalia, au atashukuru, au atamkasirikia kaka yake, na yote matatu aliwahi kuyaona katika chumba kile. Muuguzi hakufanya hata moja. Aliketi.

"Nisamehe, mdogo wangu," seremala alisema. "Nimekukosea. Nimekukosea mbele za watu."

"Usiniombe msamaha, kaka."

"Kengele haikulia. Hukuwa na kosa."

"Ngoja kwanza," muuguzi alisema. "Afande hajaniuliza vizuri, na mimi sikumwambia."

Kobe aliweka kalamu chini. Muuguzi alieleza akiwa amewatazama usoni, kama mtu anayesoma hali ya mgonjwa kwa daktari. Zamani, kabla ya kengele, wauguzi walizunguka vitanda kila robo saa. Kengele zilipoletwa wakaambiwa hakuna haja tena, wakae mezani wangoje kuitwa. Wenzake walikaa. Yeye hakuweza kuacha, aliendelea kupita. Jumapili saa tisa na robo alizunguka. Alimtazama bibi wa namba nne, akamtazama wa namba tano, akamfunika wa namba saba. Mbele ya pazia la namba sita alisimama.

"Nilishika pazia," alisema. "Nilikuwa nimelishika, kaka. Nikasema, siku ile nilipoomba mnisubiri, alinikatia simu. Leo na anisubiri yeye. Akinihitaji ataniita. Nilitaka aanze yeye. Aniite tu, hata kwa kengele, ningeingia, ningemwinua, tungemaliza yote siku ile ile. Miaka miwili nangoja aniite. Nikaachia pazia, nikarudi kukaa."

Nje mtu alikuwa anafagia uani. Kobe alitazama jalada, akajua kwamba hakuna kifungu cha sheria kinachogusa pazia lililoachiwa, na ukurasa wa mwisho atauandika vilevile alivyokuwa amepanga kuuandika.

Seremala alinyanyuka, akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya mdogo wake mpaka nyuso zao zikalingana. Aliinua mkono kama anayetaka kumshika bega, akaurudisha.

"Alijua ni zamu yako," alisema. "Asubuhi niliongea naye. Aliniambia niende kazini nisiwe na wasiwasi, upo."

Muuguzi alifunika uso kwa mikono yote miwili, na kaka yake akaketi sakafuni karibu na miguu yake, kwenye vile viatu visivyo na kamba, akalia naye. Kobe alitoka akawafungia mlango taratibu, akaenda kuandikia kwenye ngazi.